Daraja la Mabua

"Mwambie anipe uzi," Nestory alimwambia Marseli.

Uzi ulikuwa mkononi mwa Dorika, na Dorika alikuwa ameketi ubavuni kwa Nestory, bega kwa bega, kwenye dawati lile lile.

Marseli aliguna. "Mimi siyo simu yenu. Mwambie mwenyewe."

Nestory hakumwambia. Alinyoosha mguu, goti likagonga dawati, akaukunja tena. Tangu aingie darasani hakuwa ametulia hata dakika moja. Jua la Babati lilikuwa limeshapasha mabati, na kila kundi lilikuwa likipiga kelele kuliko jingine. Madirishani watoto walikuwa wamejazana wakichungulia na kuchekana.

Ugomvi wao kila mtu aliujua. Chanzo chake hata wao wenyewe walikuwa wameanza kukisahau. Wakati wa Pasaka Dorika alihama Bonga, akaenda kuishi Maisaka kwa shangazi yake, na tangu hapo wakikutana barabarani kila mmoja alitazama upande wake. Leo walikuwa wamewekwa kundi moja.

Nestory alinyoosha mkono. "Shikamoo, mwalimu. Naomba kubadilisha kundi."

"Marahaba. Kaa chini, Nestory." Mwalimu Hilaria hakuinua hata macho. "Makundi sikuyapanga mimi, wameyapanga hao walioko madirishani. Utakaa ulipopangiwa."

Nestory alikaa. Alikuwa akimwogopa mwalimu huyo tangu darasa la kwanza.

Kazi yenyewe ilikuwa kujenga daraja la mabua ya mahindi kati ya madawati mawili, daraja litakalobeba tofali kwa dakika moja. Anayejenga amefungwa kitambaa machoni. Wa pili anamwelekeza kwa maneno tu, haruhusiwi kugusa. Wa tatu anashikilia mabua yasianguke.

"Nestory atajenga," alisema Mwalimu Hilaria. "Dorika atamwelekeza."

Marseli alikifunga kitambaa mpaka Nestory akaona giza tupu. Aliwaza kuking'oa na kutoka nje.

"Kuna bua mbele yako," Dorika alisema, kama anayeliambia dawati.

"Mbele wapi?"

"Kulia kidogo, halafu..."

"Nimeshalipata!" Nestory alilivuta. Mabua yote yakaporomoka sakafuni, na madirishani kicheko kikapasuka.

"Unaona sasa!" alifoka. "Maelekezo gani haya?"

"Sikuwa nimemaliza." Sauti ya Dorika ilikuwa ya chini, lakini haikutetereka. "Hujawahi kuniacha nikamaliza. Unajibu wakati mimi bado natafuta neno."

Marseli alikohoa, akainama kuokota mabua.

Jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Nestory, kali kama kawaida yake. Akalimeza.

"Haya," alisema. "Maliza."

Kule gizani Nestory alimsikia akivuta pumzi kabla ya kufungua mdomo, kama mtu anayesubiri kukatizwa. Alishangaa. Kumbe siku zote hufanya hivyo?

"Peleka mkono wa kulia taratibu. Hapo. Hilo ni bua refu, liache. Sasa kushoto kuna fupi. Lilaze juu yake. Zungusha uzi mara mbili."

Alizungusha mara mbili. Vidole vyake vinene vilihangaika na fundo.

"Nimekaza sana?"

"Kiasi. Ukiongeza litapasuka."

Hakuongeza. Bua la tatu liliingia, kisha la nne. Kundi la jirani liligombania gundi mpaka kopo likamwagika. Nestory hakugeuza kichwa. Alikuwa anaisikiliza sauti moja tu, na kila iliponyamaza alipata wasiwasi.

"Dorika? Uko wapi? Mimi sioni kitu huku, nakutegemea wewe."

Alimsikia akisogea karibu zaidi.

"Nipo," Dorika alisema. "Fundo la mwisho. Chini ya kidole gumba."

Alipofunguliwa kitambaa, mwanga ulimchoma macho. Mbele yake kulikuwa na daraja lililopinda upande mmoja, mafundo yake makubwa makubwa, baya kuliko yote aliyowahi kuyawazia. Lakini lilikuwa limesimama.

Madaraja mawili ya kwanza yalivunjika hata kabla tofali halijatulia. Zamu yao ilipofika, Mwalimu Hilaria aliliweka tofali kwa mikono miwili, akaanza kuhesabu polepole mno.

Kwenye ishirini, bua moja lililia. Kwenye arobaini, katikati pakabonyea. Nestory alihisi mkono wake ukivutwa. Dorika alikuwa ameshika shati lake, na wala hakuonekana kujua kwamba amelishika. Hakuthubutu kusogea asije akamkumbusha kuliachia.

"Hamsini na tisa. Sitini."

Marseli alipiga meza kwa furaha. Darasa zima likapiga makofi, na madirishani wakashangilia.

"Nestory," Dorika alisema, akimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. "Leo umenisikia."

Nestory alitafuta la kujibu. Safari hii hakuwa na haraka.

Mwalimu Hilaria alienda mlangoni, akaufungua, na watoto wote waliokuwa madirishani wakaingia kwa kishindo, kila mmoja akimkimbilia mzazi wake. Msichana mmoja wa darasa la nne, Careen, alijipenyeza katikati ya Nestory na Dorika, akaketi, akawashika mikono wote wawili.

"Baba, mama," aliuliza, "leo tunalala Bonga au Maisaka?"