Tokeo la Kwanza

"Boti zote vipi?" aliuliza meneja jioni hiyo, funguo za ofisi zikilia mkononi.

"Zote zinaonesha kijani, ziko salama," alijibu Salhiya mbele ya kompyuta.

Hapo ofisini Mlandege, programu aliyoiandika mwenyewe ilisoma ujumbe wa manahodha wa Kizimkazi. Ilitafuta "salama" au "msaada", ikashika neno ililokutana nalo mwanzo, kisha ikamjibu nahodha yenyewe.

Lakini ujumbe wa mdogo wake, mmoja wa manahodha hao, ulikuwa mrefu, naye si mtu wa maneno mengi.

Salhiya akabadilisha mstari mmoja, programu irudishe matokeo yote badala ya la kwanza tu. Mbele ya jina la mdogo wake yakatokea mawili: salama, msaada.

Akaufungua ujumbe.

"Assalaam alaykum, dada. Sie salama, alhamdulillah. Ila mashine imezima na maji yanaingia. Tunaomba msaada."

Hata maji yakiingia alianza na salamu, kama walivyofunzwa nyumbani.

"Nshafunga madirisha," alisema meneja. "Twende?"

Chini ya ujumbe palikuwa na jibu, limekwenda tangu adhuhuri kwa jina la Salhiya: "Alhamdulillah. Safari njema."