Nguzo ya Nne

Shimo la nguzo ya nne, Bwana Muhdhar alitaka liende chini kuliko yale matatu ya kwanza.

"Lichimbe hata likufike utosini," alisema. "Kona hiyo ndiyo itakayovuta seng'enge yote."

Jefwa alikuwa juu ya ngazi akiziba nyufa za nyumba ya mzee huyo, Mji wa Kale. Mwiko ulimtulia mkononi. Nguzo tatu alikuwa amekwisha kuzijenga yeye na mwenzake wa kazi, Kadenge, huko shambani kwa mzee, nyuma ya Rabai: mawe nje, nondo na zege ndani, nene kama kifua cha ng'ombe. Muda wote huo mzee hakwenda hata kutazama. Hii ya nne ndiyo aliyosema atakuwepo mwenyewe.

"Na Kadenge, mzee?"

"Kadenge mwache. Siku hiyo nataka tuwe mimi na wewe tu." Bwana Muhdhar alikohoa, akashika ukuta. "Fundi, wewe kwenu una nani?"

"Sina mtu. Mama alikufa, na mke sijaoa."

"Kwa hivyo ukitoka hapa Mombasa usirudi, hakuna atakayekuulizia."

"Hakuna."

Mzee alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta, akaingia ndani.

Jefwa alishuka ngazi. Mafundi wanaongojea vibarua Mwembe Tayari walikuwa na maneno yao: kwamba wako matajiri wasioamini jengo mpaka lilishwe mtu. Siku zote Jefwa aliyacheka. Sasa hakucheka. Bwana Muhdhar hakuwa na mtoto, mkewe alikwisha kufariki, na mwili wake ulikuwa ukipukutika machoni pa watu. Walisema ametafuta dawa kila mahali. Mtu wa namna hiyo atashindwa na nini?

Usingizi ulimkataa. Kukataa kazi nako aliogopa, maana aliyekwisha kukuchagua, ukimkimbia atakufuata. Ndipo lilipomjia wazo ambalo hata yeye mwenyewe lilimtia haya. Alilifukuza. Likarudi, likakaa.

Asubuhi ya safari alifika na Kadenge. Kadenge alipakia makarai kwenye pikapu huku akipiga mluzi. Jefwa alimfuata mzee barazani.

"Mzee, mgongo umenishika. Mchukue Kadenge badala yangu."

"Nilikwambia ninayekutaka ni wewe."

"Kadenge ndiye anayefaa."

Bwana Muhdhar alimtazama sana. "Kumbe umekwisha kujua nilichokusudia."

Jefwa aliitazama pikapu. "Nimejua, mzee."

"Na bado wasema awe yeye? Nililokuwekea wewe limwendee yeye? Likishafanyika, Jefwa, halirudi nyuma."

"Limwendee."

"Moyo wako umeridhika?"

"Umeridhika."

Machozi yalimlengalenga mzee. "Umri wangu huu," alisema, "sijapata kuona mtu kama wewe."

Pikapu iliondoka. Kadenge alimpungia mkono. "Pole ya mgongo, ndugu yangu. Nitakuletea muhogo."

Siku hiyo hakurudi, wala iliyofuata. Mkewe Kadenge, Winnie, alikuwa akiuza mchicha Marikiti. Jefwa alijaribu kupita upande mwingine, lakini Winnie alimwona.

"Shemeji, mwenzako kakwambia atarudi lini?"

"Zege bado halijashika," alijibu Jefwa, akajipenyeza kati ya wachukuzi kabla hajaulizwa la pili.

Aliwaza kwenda polisi. Aende akaseme nini? Kwamba ni yeye Jefwa aliyempeleka Kadenge, kwa mkono wake?

Alasiri moja alipokuwa akikoroga chokaa mbele ya ile nyumba, pikapu ilirudi. Bwana Muhdhar alishuka peke yake. Pindo la kanzu yake lilikuwa limegandwa na saruji, na uso wake ulikuwa na utulivu ambao Jefwa hakupata kuuona kabla.

"Nguzo imesimama," alisema mzee. "Sasa nikifa leo, nakufa nimetua mzigo."

"Na Kadenge?"

"Amebaki kule kule. Hatarudi tena kukaa mjini." Aliegemea mlango, akavuta pumzi. "Wala usihangaike na mkewe, nimetoka kumweleza mimi mwenyewe. Alilia, maskini, mpaka nikashindwa kuinuka."

Jefwa aliacha chokaa na sepetu palepale. Alikimbia vichochoro vya Mji wa Kale, akapita Marikiti bila kumwona mtu, akashika njia ya Majengo. Atamwambia Winnie yote. Atamwambia aliogopa kufa, akamtoa mumewe. Baada ya hapo na wamfanye watakalo.

Winnie alikuwa uani katikati ya mafurushi. Godoro lilikuwa limekunjwa na kufungwa kamba, na watoto walikuwa wakitia masufuria guniani. Macho yalikuwa yamemvimba. Alipomwona Jefwa aliinuka, akamjia moja kwa moja. Jefwa aliinamisha kichwa, akangoja kofi.

Winnie aliishika mikono yake yote miwili.

"Shemeji," alisema, "Bwana Muhdhar ametueleza. Shamba lile lote alitaka kukupa wewe, ukakataa, ukasema apewe Kadenge."