Sisimizi Haombi Kingi

Siku hizi kompyuta haina kumbukumbu yake. Inaazima kichwani mwa mwenyewe. Mume wangu Shomari aliweka mfumo wa Tausi, wenye madoido yote, na nilimwambia mapema kwamba utammaliza. Sasa hakumbuki njia ya kwenda kwa dada yake Korogwe, wala kama pilau inaanza na kitunguu au na viungo.

Mimi niliweka Sisimizi. Ni mfumo mkavu, hauna mapambo, lakini unachukua kipande kimoja tu cha kumbukumbu na haurudi kuomba tena. Cherehani zangu zote zinaendeshwa nao, na vipimo vya wateja bado ninavyo kichwani, kila kiuno na kila bega.

Majirani zangu ni watu wa Tausi, ndiyo maana wamevurugika. Wananiita Mama Nuru, wakati nina wavulana wawili tu, Idrisa na Haruni. Hata Shomari ananiita hivyo. Huwa naitikia tu, nisiwaaibishe.

Leo mchana amekuja binti mwenye sare ya shule ya bweni, anaburuta tranka. Akavua viatu barazani kama mtu aliyefika kwao. Nilimwona kafanana na Shomari, nikajua ni wa ukoo wao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unamtafuta nani?"

Akacheka, akidhani namtania. Kisha akaacha kucheka. Shomari akatoka jikoni, akatutazama sisi wawili, akaketi chini palepale.

"Msamehe mume wangu," nikamwambia binti. "Tausi imemmaliza. Siku hizi analia ovyo."