Risasi Iliyokataa Kuyeyuka

Pasi ya kulehemu ilipoa tena mkononi mwa fundi saa, naye yuko juu ya ngazi, kichwa darini, jasho likimwingia machoni.

"Nilikwambia ununue konekta za kuungia nyaya," mkewe alisema kutoka chini, akiishika ngazi.

"Konekta! Mimi nalehemu vitu vidogo kuliko kucha yako, nitashindwa na nyaya za jikoni?"

Zilikuwa zimeshamshinda mara mbili. Kila akilehemu, baada ya siku chache kiungo kilipata moto mpaka risasi ikayeyuka na kudondokea sufuria. Uniti za umeme nazo ziliisha kama zinanyweka. Lawama zote alimtupia mkewe na pasi yake ya nguo, hata mama wa watu akawa anakwenda kazini na nguo yenye makunyanzi mgongoni.

Jirani yao, fundi umeme aliyefunga nyaya za nyumba zote mbili, hakuchoka kumwonya. "Usiguse, kaka. Niachie mimi." Lakini haji. Leo alikuwa kazini, na fundi saa alikuwa amechoka kungoja.

Basi alizima swichi kuu, asije akarushwa. Akaomba umeme wa kulehemu kwa Mama Pacha, mke wa jirani, naye akapitisha waya wa ekstensheni juu ya ukuta kwa moyo mweupe.

Akashuka sasa na pasi yake baridi, akawasha swichi kuu apate mwanga wa kuikagua. Akiwa bado anaipindua pindua, ikamchoma kidole.

"Nzima kabisa!" alifoka. Akazima, akapanda. Akaigusisha kwenye risasi. Wapi! Imepoa.

Akashuka. Akawasha. Ikafuka moshi. Akazima, akapanda, ikapoa.

"Hii pasi ina kichaa!" Akaitupa sakafuni. "Kila kitu ndani ya nyumba hii kinanipinga!"

 Mkewe aliutazama waya ulioingia kutoka dirishani, kisha akaiacha ngazi, akaenda kusimama kwenye swichi kuu.

"Mama Pacha!" aliita. "Huko kwako umeme upo?"

"Haupo, dada! Tangu asubuhi unakatika na kurudi!"

Akaiwasha swichi.

"Huo, umerudi!"

Akaizima.

"Aa! Umekwenda tena!"