Nyumba Isiyomwona Shija

Hewa ya nje ilikuwa sumu, na kila nyumba ya Tabora ilitoa hewa kwa kuwahesabu waliomo. Nyamizi alipomleta nyumbani mwanawe mchanga, Shija, hewa ilipungua badala ya kuongezeka. Mumewe, Mihayo, akamwita fundi.

"Namba za utambulisho za watoto wa siku hizi ni ndefu," fundi alieleza. "Mtambo wenu ni wa zamani. Namba isipoenea, huisoma kuwa chini ya sifuri. Kwa hiyo mtoto hakujumlishwa, alitolewa."

"Hamkulijua hilo?" Nyamizi aliuliza.

"Tulipouwekea programu mpya, mtambo ulitoa onyo. Lakini onyo si kosa, mama. Tukaliruka."

Mitambo mipya haikuwapo. Njia ilibaki moja tu: kumfuta Shija kwenye hesabu ya nyumba, ili watatu wagawane hewa ya wawili. Mihayo aliinamisha kichwa, akakubali. Nyamizi alimkumbatia mwanawe kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akabonyeza kioo cha mtambo.

Jioni, akiwa jikoni, alisikia Shija akilia chumbani. Akaiomba nyumba imbembeleze mpaka uji uive.

"Chumbani hamna mtu," nyumba ikamjibu kwa upole.