Lengo la Ngiri

Bwana Ngiri, bingwa wa kujisifu, aliwatangazia wenzake kwamba mwaka huu ana lengo moja tu katika gofu: kutia mpira shimoni kwa pigo moja.

"Basi ufanye mazoezi, bwana," Kobe akamshauri, naye akaendelea kupiga wake taratibu.

"Mazoezi ni ya wasio na akili!"

Akili za Ngiri zikampeleka shimoni. Kila alfajiri alipiga magoti, kama ilivyo desturi ya ukoo wao, utadhani anasali, akalichimba shimo kwa pua na kulipanua. Kila likipanuka, alijipongeza kwa maendeleo. Fimbo hakuigusa. Ya nini, na mambo yanakwenda vizuri hivyo?

Siku ya mashindano, shimo lilikuwa kama bwawa. Kobe akapiga, mpira ukatumbukia. Kanga akapiga, ukatumbukia. Hata Fuko, ambaye jua lenyewe halioni, akatumbukiza kwa pigo moja.

Ngiri akatunisha kifua, akapiga. Mpira ukaenda vichakani.

"Pole, bwana," Kobe akamwambia. "Bila wewe tusingekuwa mabingwa."

Ngiri akajipangusa udongo puani, akatangaza lengo la mwakani: shimo pana zaidi.