Ua Lililokosewa

"Uvimbe huo titini ni kijicho cha watu," wifi yake alisema, akimnyooshea hirizi. "Kesho usiende kupasuliwa, Mwanaheri."

Damu ilimchemka Mwanaheri. Akainua kofia aliyokuwa akiidarizi.

"Wifi, jana nilikosea ua hili moja. Sikusimama kulirekebisha, nikalifuatisha katika mengine, sasa safu nzima imepinda. Daktari kasema seli za mwili nazo hujinakili hivyo hivyo. Seli ikikosea, husimama ijitengeneze. Yangu moja imegoma kusimama, inazaa makosa tu. Kijicho kiko wapi hapo?"

"Mie nakutakia mema, mwenzangu!"

"Basi nishikie, nifumue!"

Wifi akaiweka hirizi mkekani, akaishika kofia kwa mikono miwili. Mwanaheri akauvuta uzi, ua baada ya ua, na mwanga ukaanza kupenya kwenye matundu yaliyoachwa na uzi.